Benfica walilogwa kweli? Habari ya mzee Béla Guttmann

Leo naomba tuipumzishe siasa kidogo tuongee mpira. Kama umelipia nusu saa hapo kafe usiwe na hofu, utamaliza kusoma na dakika za kuangalia barua pepe zitabaki.

Stori yangu inaanzia banda umiza. Ilikuwa usiku wa tarehe 15 Mei 2013, fainali ya Europa League, Benfica na Chelsea pale Amsterdam. Benfica walicheza mpira mwingi, wakapiga pasi za kila aina, lakini Torres akawafunga. Cardozo akasawazisha kwa penalti. Tukajua tunaenda dakika za nyongeza. Dakika ya 93 ikapigwa kona, Ivanović akaruka na kichwa, mpira wavuni. Kwisha kazi, 2-1.

Banda likalipuka. Katikati ya kelele jamaa mmoja nyuma yangu akatoa hoja kwamba Benfica wamelogwa. Kwa maelezo yake, kuna kocha wao wa zamani aliwalaani wasichukue kombe la Ulaya kwa miaka 100 kwa sababu walimdhulumu hela yake. Watu wakaitikia kwa vichwa kama wako msikitini. Hapa kwetu habari ya namna hiyo haihitaji ushahidi, wote tunajua timu zenye kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe si wa kupiga mpira.

Mimi nikarudi nyumbani na swali. Huyo kocha alikuwa nani hasa? Toka siku ile nimemfuatilia, na nilichokuta kimenifanya nione tunamwonea. Mzee ana historia nzito kuliko laana, na sehemu moja ya historia hiyo inagusa hapa jirani, ng'ambo ya mto Ruvuma. Twende taratibu.

Béla Guttmann alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 27 Januari 1899, kwenye familia ya Kiyahudi. Baba na mama yake walikuwa walimu wa kucheza dansi. Naye akajifunza, na akiwa na miaka 16 tayari alikuwa na cheti cha kufundisha dansi. Msicheke. Sisi Wanasongea ngoma na mpira tunajua ni ndugu, ndiyo maana Majimaji yetu tukaiita Wanalizombe. Waliomwona Guttmann uwanjani walisema alicheza mpira kama anacheza dansi, mwepesi wa miguu, hana papara. Alikuwa sentahafu, na enzi hizo za mfumo wa mabeki wawili na mafowadi watano, sentahafu ndiye aliyekuwa injini ya timu.

Akiwa na MTK ya Budapest alichukua ubingwa wa Hungaria, na mwaka 1921 akaitwa timu ya taifa. Njia ilionekana nyeupe kabisa. Lakini Hungaria baada ya Vita ya Kwanza ilikuwa chini ya utawala wa Horthy, na mwaka 1920 ilipitishwa sheria ya kupunguza idadi ya Wayahudi vyuo vikuu. Chuki ikahamia mitaani. Mwaka 1922 Guttmann akafunga mizigo, akaenda Vienna, Austria, kujiunga na Hakoah, klabu ya Wayahudi. Jina lenyewe kwa Kiebrania ni nguvu. Kuondoka huko ndiko kulikuwa kwa kwanza. Ukihesabu safari zote alizofanya maishani utachoka.

Hakoah haikuwa timu ya mchezo. Septemba 1923 walikwenda London wakaifunga West Ham 5-0, West Ham ile ile iliyokuwa imecheza fainali ya Kombe la FA mwaka huo huo. Msimu wa 1924/25 wakawa mabingwa wa Austria.

Katikati ya mambo hayo ikaja Olimpiki ya Paris, 1924. Guttmann aliitwa na Hungaria, na hapo ndipo dunia ilipoanza kuijua tabia yake. Alikuta viongozi kwenye msafara ni wengi kuliko wachezaji (mnaona, tatizo hili si la Bongo peke yake), na hoteli waliyowekwa ilifaa kwa mabwana wakubwa wa kunywa na kukesha. Wachezaji walikuwa hawalali kwa kelele. Hoteli ilikuwa na panya wengi. Inasimuliwa kwamba Guttmann alikusanya panya waliokufa, akawafunga kwenye milango ya vyumba vya viongozi. Uwanjani Hungaria wakapigwa 3-0 na Misri, ndiyo, Waafrika, na Guttmann hakuitwa tena timu ya taifa.

Mwaka 1926 Hakoah walifanya ziara ya Marekani. Mechi moja tu pale Polo Grounds, New York, iliingiza watu 46,000. Wachezaji kadhaa wakaona Marekani hakuna anayewauliza dini yao na mshiko upo, wakabaki. Guttmann alikuwa mmojawapo. Alicheza huko miaka kadhaa, akachukua kombe la taifa la Marekani mwaka 1929 akiwa na New York Hakoah. Akawekeza pia hela yake kwenye baa ya kificho, maana wakati ule pombe ilikuwa marufuku nchi nzima. Halafu Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka, na akiba yake ikaanguka nalo. Mwaka 1932 alirudi Vienna, ana miaka 33, hana kitu.

Hapo naomba tusimame kidogo. Mtu aliyewahi kulala tajiri akaamka maskini hawezi kuzungumzia mshahara kama wewe na mimi. Kuanzia hapo Guttmann alipokaa mezani kusaini mkataba alisoma kila mstari.

Kazi ya ukocha aliianza hapo hapo Hakoah mwaka 1933. Miaka miwili baadaye akaenda Uholanzi, kwenye timu ya Enschede. Huko inasimuliwa kwamba alidai mkataba uwe na bonasi kubwa ajabu kama timu itachukua ubingwa. Viongozi wakasaini huku wanacheka, maana timu yao ilikuwa inahangaika isishuke daraja. Timu ikaanza kushinda, ikashinda tena, mpaka mabosi wakawa wanaomba Mungu wafungwe wasije wakafilisika. Ubingwa haukupatikana, wakapumua.

Mwaka 1938 alirudi Budapest kufundisha Újpest. Msimu mmoja tu, ubingwa wa Hungaria, na mwaka 1939 Kombe la Mitropa, ambalo ndilo lilikuwa kombe kubwa la vilabu vya Ulaya ya Kati. Kwa kocha yeyote hapo ndipo maisha yangeanza. Kwake yeye ndipo yalipokatika. Sheria dhidi ya Wayahudi za mwaka 1938 na 1939 zilimtoa kazini.

Miaka mingi watu waliandika kwamba wakati wa vita alikuwa Uswisi, salama salimini. Si kweli. Alikuwa Hungaria. Machi 1944 Wajerumani waliivamia nchi hiyo, na kati ya Mei na Julai mwaka huo Wayahudi zaidi ya 400,000 walipakiwa kwenye mabehewa na wengi wakapelekwa Auschwitz. Guttmann alijificha darini pale Újpest, kwenye nyumba yenye saluni ya shemeji yake. Baadaye aliangukia kambi ya kazi za shokoa. Mwishoni mwa 1944, walipokuwa karibu kusafirishwa, aliruka dirishani akatoroka pamoja na wenzake. Mmoja wa waliotoroka naye alikuwa Ernő Egri Erbstein, ambaye baada ya vita aliijenga Torino iliyotingisha Italia, kisha akafa na timu yake kwenye ajali ya ndege ya Superga, 4 Mei 1949.

Guttmann alitoka hai. Baba yake na dada yake waliuawa. Mambo haya hakuyasimulia sana hadharani, na ndiyo maana ile hadithi ya Uswisi ikadumu.

Sasa mwangalie huyo mtu aliyetoka darini akiwa na miaka 46. Mwaka 1946 alichukua kazi Bucharest, Romania, timu ya Ciocanul. Nchi haina chakula, hela inashuka thamani kila siku. Yeye akaomba alipwe mboga na vyakula. Watu wanaisimulia kama kichekesho, mimi naona ni akili. Karatasi ya hela ungeipeleka wapi? Siku kiongozi mmoja alipojaribu kumpangia timu, akaacha kazi akaondoka zake.

Mwaka 1947 akaipa Újpest ubingwa mwingine, kisha akaenda Kispest, timu ya kijana aliyeitwa Ferenc Puskás. Guttmann alichukua nafasi ya baba yake Puskás, kwa hiyo hali ya hewa ilikuwa nzito tangu mwanzo. Siku moja mwaka 1948, wakicheza na Győr, alikasirishwa na beki mmoja aliyekuwa anacheza rafu. Wakati wa mapumziko akamwambia asirudi uwanjani, bora wacheze pungufu, maana kubadilisha mchezaji kulikuwa hakuruhusiwi. Puskás, nahodha, akamwambia beki arudi. Beki akarudi. Guttmann hakupiga kelele. Alikwenda kukaa jukwaani, akafungua gazeti la mbio za farasi akasoma mpaka mechi ikaisha, akapanda tramu kwenda nyumbani. Hakurudi tena.

Utasema ana kiburi. Inawezekana. Ila angalia vizuri kinachomtoa kila mara: mtu mwingine kuingilia kazi aliyoajiriwa kuifanya yeye.

Baada ya hapo akazunguka Italia, Argentina, Cyprus, na mwaka 1953 akaingia AC Milan, timu ya Nordahl, Liedholm na Schiaffino. Februari 1955 Milan wanaongoza ligi, na katikati ya uongozi huo kibarua chake kikaota nyasi. Narudia, anaongoza ligi, anatimuliwa. Milan walimaliza msimu ule wakiwa mabingwa, kombe akabeba mwingine. Toka siku hiyo Guttmann alidai mikataba yake iwe na kipengele kwamba hawezi kufukuzwa timu ikiwa inaongoza ligi. Makocha wetu wangekijua kipengele hicho mapema, wengi wangekuwa na nyumba leo.

Oktoba 1956 Hungaria ikalipuka, wananchi wakainuka dhidi ya utawala uliosimamiwa na Wasovieti, vifaru vikaingia Budapest. Honvéd, timu ya akina Puskás (ndiyo ile Kispest iliyobadilishwa jina), walikuwa nje kwa mashindano. Hawakutaka kurudi haraka, wakaamua kufanya ziara, na mwanzoni mwa 1957 wakatua Brazil, kocha akiwa Guttmann. Ndiyo, na Puskás yule yule wa gazeti la farasi. FIFA hawakuibariki ziara hiyo. Ilipoisha wachezaji wakatawanyika, wengine wakarudi Hungaria, wengine wakabaki Ulaya Magharibi. Guttmann akabaki Brazil, akachukua São Paulo FC na kuwapa ubingwa wa jimbo mwaka huo huo wa 1957. Alikuja na mfumo wa 4-2-4 wa Kihungaria. Vicente Feola, mtu wa São Paulo aliyefanya naye kazi pale, ndiye aliyeifundisha Brazil iliyochukua Kombe la Dunia 1958 ikicheza 4-2-4. Sisemi kombe lile ni la Guttmann, ila mkono wake ulipita.

Kisha Ureno. Msimu wa 1958/59 aliichukua Porto ligi ikiwa imeshaanza, akaikimbiza Benfica mpaka siku ya mwisho, wakalingana pointi na Porto wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Baada ya hapo akahamia wapi? Kwa Benfica aliowanyang'anya! Alipofika akawapiga chini wachezaji wakubwa wengi kwa mpigo na kupandisha vijana. Mashabiki wakanuna. Wakachukua ubingwa 1960 na 1961, kununa kukaisha.

Hapa ndipo hadithi inapokuja jirani kwetu. Benfica ya wakati ule haikusajili wageni, Wareno tu. Lakini Ureno ilihesabu makoloni yake kama sehemu ya Ureno, kwa hiyo kijana wa Msumbiji au Angola alisajiliwa kama Mreno. Kipa Costa Pereira alizaliwa Nacala, kaskazini mwa Msumbiji. Kiungo Mário Coluna naye Msumbiji. Mfungaji José Águas alizaliwa Angola.

Siku moja mwaka 1960 Guttmann yuko kwa kinyozi Lisbon. Akamkuta José Carlos Bauer, Mbrazil aliyefahamiana naye tangu São Paulo. Bauer alikuwa anatoka Afrika na timu yake ya Ferroviária, na akamweleza habari ya kijana mmoja wa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, anayekimbia kama upepo na kupiga mashuti ya kutisha. Kijana alikuwa anatoka mtaa wa Mafalala, mtaa wa watu weusi maskini. Jina lake Eusébio da Silva Ferreira. Guttmann hakungoja nywele ziote tena. Benfica wakamfuata, na Desemba 1960 akapandishwa ndege.

Tatizo ni kwamba Eusébio alichezea Sporting ya Lourenço Marques, mtoto wa Sporting ya Lisbon, mahasimu wakubwa wa Benfica. Ikawa vita ya usajili ambayo Simba na Yanga wangeipigia saluti. Kwenye mawasiliano Benfica walimpa jina la kike, Ruth, na walimficha hotelini kusini mwa Ureno. Mgogoro ukaisha, na Mei 1961 akavaa jezi nyekundu kwa mara ya kwanza akafunga mabao 3.

Kwa hiyo fainali ya Kombe la Ulaya ya 31 Mei 1961 pale Bern, Eusébio hakuicheza. Benfica waliifunga Barcelona 3-2, na Barcelona walikuwa na Wahungaria watatu, Kubala, Kocsis na Czibor. Uwanja ulikuwa ule ule wa Wankdorf ambako Hungaria ilipoteza fainali ya Kombe la Dunia 1954, pia 3-2. Kocsis na Czibor waliumia mara mbili kwenye uwanja mmoja, safari hii mikononi mwa Mhungaria mwenzao.

Mwaka uliofuata, 2 Mei 1962, Amsterdam, Benfica na Real Madrid. Puskás, sasa yuko Madrid, akafunga mabao 3 kipindi cha kwanza, Madrid wanaongoza 3-2. Kipindi cha pili Coluna akasawazisha, halafu yule kijana wa Mafalala akapiga la 4 kwa penalti na la 5 kwa mpira wa adhabu. 5-3. Eusébio alikuwa na miaka 20.

Kitu kimoja najiuliza kila nikifikiria usiku ule. Chini ya miezi miwili baadaye, 25 Juni 1962, FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam. Septemba 1964 vita ya ukombozi ikaanza, na wakimbizi wa Msumbiji wakavuka Ruvuma na kupewa makazi huku kwetu, ikiwemo Muhukuru, hapa hapa Songea. Wakati watu wa Msumbiji wanalala porini wakiikimbia Ureno, jina la Ureno lilikuwa linabebwa duniani na Wamsumbiji. Kombe la Dunia 1966 Coluna alikuwa nahodha wa Ureno, na Eusébio alifunga mabao 9. Na aliyemfungulia Eusébio mlango alikuwa mkimbizi wa namna yake, mtu aliyejua maana ya serikali kukuambia wewe si mwenzetu.

Turudi kwenye hela. Baada ya fainali ya 1962 Guttmann aliwaendea viongozi wa Benfica akaomba nyongeza. Makombe 2 ya Ulaya mfululizo, uwanja unajaa, klabu inaalikwa kila pembe ya dunia. Wakamjibu kwamba mkataba wake hauna kitu kama hicho. Kisheria walikuwa sawa. Kiungwana, mnajua wenyewe. Akaondoka, akaenda Uruguay kuwapa Peñarol ubingwa wa nchi mwaka huo huo.

Guttmann alikuwa na msemo wake kuhusu msimu wa tatu: aliamini ndio unaomuua kocha. Mwaka wa kwanza wachezaji wanakusikiliza, wa pili wanakuzoea, wa tatu wamekuchoka na wapinzani wamekusoma. Benfica ndiko alikovunja kanuni yake, akakaa misimu 3. Na kweli, msimu huo wa tatu walichukua Ulaya lakini kwenye ligi walimaliza nafasi ya 3, na mwisho wake ukawa ugomvi wa mshahara.

Sasa ile laana. Inasemekana alipotoka mlangoni alitamka kwamba Benfica hawatachukua tena kombe la Ulaya kwa miaka 100. Na mahesabu yanatisha, nakubali. Fainali za 1963, 1965, 1968, 1983, 1988, 1990, 2013, 2014. Fainali 8, zote wamepoteza.

Lakini zifungue moja moja. 1963 na Milan, Coluna aliumizwa mguu, na mchezaji wa akiba alikuwa haruhusiwi kuingia, wakalala 2-1. 1965 na Inter, mechi ilichezwa San Siro, nyumbani kwa Inter wenyewe, kwenye mvua kubwa, na Costa Pereira akaumia mpaka beki akasimama golini. 1968 na Manchester United, wakiwa Wembley, walikwenda dakika za nyongeza na miguu ikaisha, 4-1. 1988 na 2014 ni penalti. 2013 tuliona wenyewe, beki hakumkaba Ivanović kwenye kona. Kila fainali ina sababu unayoweza kuionyesha kwa kidole.

Halafu kuna jambo ambalo wapenda laana hawalitaji. Guttmann alirudi Benfica! Msimu wa 1965/66 alikuwa kocha wao tena. Machi 1966 Manchester United wakaja Lisbon na George Best wakawafumua 5-1, na msimu ulipoisha akaondoka. Kama ungekuwa umeilaani nyumba, ungeenda kulala humo tena?

Baada ya hapo alipita Uswisi, Ugiriki, Austria, akamalizia Porto msimu wa 1973/74. Alifariki Vienna tarehe 28 Agosti 1981, akiwa na miaka 82, akazikwa huko huko. Mwaka 1990 Benfica walipokwenda Vienna kucheza fainali na Milan, Eusébio alienda kaburini kwa mzee akaomba dua. Wakafungwa 1-0, bao la Rijkaard. Watu wanaisimulia safari ile kama mtu aliyekwenda kuondoa mkosi. Mimi naiona tofauti. Naona kijana wa Mafalala, sasa mtu mzima wa miaka 48, amesimama kwenye kaburi la mtu aliyemtoa. Hata kama hakuna kombe, hapo ungepita tu.

Eusébio naye alifariki 5 Januari 2014. Mwezi uliofuata Benfica wakaweka sanamu ya Guttmann kwenye uwanja wao, ameshika makombe 2 mikononi. Ndiyo ile nyongeza aliyoomba mwaka 1962, imefika akiwa amekufa miaka 32.

Kwa hiyo jamaa yangu wa banda umiza, kama unasoma hapa, jibu langu ni hili. Benfica hawakulogwa. Walikuwa na kocha bora Ulaya nzima, wakambania, akaenda. Miaka iliyofuata wakakosa mtu wa kuwavusha siku ya fainali. Ni rahisi kusema tumelogwa kuliko kusema tulimfukuza fundi wetu kwa ubahili, na hili mnalijua hata kwenye viwanja vyetu hapa nchini. Kocha anatoa sare mbili, vikao vinaitishwa, anaondoka bila kumaliziwa mshahara, kisha timu ikianza kufungwa tunatafuta nani kafukia nini golini. Tufukue mikataba kwanza.

Nawasilisha. Mwenye la kuongeza au kupinga aandike hapo chini, hasa mashabiki wa Chelsea waliokuwepo lile banda. Matusi hapana.